Mama Mkwe Anacheka

Asubuhi kwenye treni, mbele yangu, mpiga picha mmoja wa studio alikuwa amepakata picha kubwa ya mama mkwe wake, anayezikwa leo. Bibi wa watu anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Maisha yake yote hakunichekea," alimwambia mama aliyeketi naye. "Juzi wamebadilisha programu ya kuhariri picha. Palipokuwa na kitufe cha kufuta madoa, wameweka cha kuchekesha watu. Kidole kikaenda kwa mazoea. Miaka kumi na tisa kazini, dada, leo mimi ni mshamba wa kompyuta yangu mwenyewe."

"Hukuitazama kabla ya kuichapa?"

"Nilitazama madoa."

Wakubwa ndizo zao, niliwaza. Wanahamisha vitu bila kutuuliza, halafu wajinga tunaonekana sisi.

"Mkeo ameiona?"

"Bado, ndiyo nampelekea. Mazishi saa nne, siwahi kuchapa nyingine. Atasema nimemdhihaki mama yake."

"Mwambie marehemu amefurahi kuachana na wewe."

"Hilo atalikubali."

Treni ikasimama, akashuka na picha ameigeuzia kifuani. Mke wangu mimi nilimzika kwa picha aliyokunja uso, na aliyeshika kamera siku hiyo nilikuwa mimi.