Matairi ya Jumapili

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mnaokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nivumilieni kidogo. Kabla ya kusimama hapa nimemwomba mume wangu ruhusa. Amesema, "Sema, lakini usinifanye mtakatifu." Basi nitajaribu. Majina ya watu sitataja, maana wengine tumebanana nao benchi moja asubuhi hii.

Mnajua mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja huko Mau Narok. Yule bwana alipouza shamba arudi kwao, alituuzia gari yake kuukuu, boksibodi ya kubeba mizigo, iliyokuwa imelala nyuma ya ghala la pareto mpaka kuku wakaanza kutaga kwenye kiti. Ndugu zangu, nawaambia, siku ilipofika nyumbani nililia kwa furaha. Mimi, binti wa kibarua wa reli, kuwa na gari! Nikaanza kusalimia watu kwa kidole kimoja.

Lakini gari ya kubeba mizigo ya watu lazima ipelekwe kwa inspekta, aipime, ndipo ipate cheti. Mume wangu akaipeleka vile ilivyo. Inspekta akazunguka nayo uwanjani, akakanyaga breki, gari ikavuta kushoto kama ng'ombe anayekataa kuingia dipu ya kupe. Akashuka, akatikisa magurudumu, akawasha taa. Breki mbaya, usukani umelegea, taa moja imekufa, na matairi yameisha mpaka nyuzi zinaonekana. Akatukatalia.

Mume wangu hakukasirika. "Amesema kweli," akaniambia. "Nitatengeneza pole pole, kimoja kimoja." Na kweli, akatengeneza breki, akakaza usukani, taa ikawaka. Yakabaki matairi. Hayo akasema tungoje tuvune mahindi. Mimi nilikuwa siwezi kungoja. Kabichi zinaoza huko juu Mau, na hapa Nakuru sokoni watu wanaulizia kabichi!

Sasa, mtaani kwetu walikuwapo wenzetu wenye gari kuukuu za aina ile ile. Walikuwa wamenunua kwa shirika seti moja ya matairi mazuri. Tuliyaita matairi ya Jumapili, kwa sababu kama nguo za kanisani, hayakuvaliwa siku ya kazi. Gari ikienda kupimwa inavalishwa. Ikipata cheti inavuliwa jioni hiyo hiyo, matairi yangoje zamu ya mwingine. Msimlaumu inspekta. Alipima vizuri kila alichoonyeshwa.

Mume wangu hakutaka kabisa. "Nikienda kwa inspekta na viatu vya watu," akauliza, "barabarani nitakwenda na vya nani?" Nikamjibu mbele ya majirani, makusudi, ili aone haya. Nikamwambia, "Wanaume wenzako wanalisha watoto na gari zao, wewe yako inalisha kuku." Akaenda kuyaazima yale matairi. Nilijua nimemshinda, na nikafurahi. Ile furaha ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Gari ikapita. Tukachinja jogoo. Jioni tukavua matairi, tukayaweka katika stoo yangu kwa sababu ilikuwa haivuji, nami nikawa mtunzaji wake. Halafu mvua ikaanza. Asubuhi moja mume wangu akasema, "Mama watoto, leo niachie yale mazuri. Mteremko wa kuja Njoro utakuwa sabuni." Nikakataa. Kuna jirani anapimwa kesho, nikasema, tutaonekana wachoyo. Akaenda na yake.

Tairi la mbele lilipasuka mteremkoni. Gari ikapinduka mtaroni, mguu wake ukabanwa chini. Waliomtoa ni watu wa lori la shamba waliokuwa wakipita. Nilipofika hospitali, mguu ulikuwa umekwisha kukatwa juu ya goti, na yeye akaniuliza kama kabichi zimeokotwa.

Inspekta alikuja na askari. "Haya si matairi niliyopima," akasema. "Nani alibadilisha?" Mimi nimesimama hapo na bakuli la uji. Mume wangu akajibu, "Ni mimi. Peke yangu." Nami nikaendelea kukoroga uji. Akapelekwa kortini na magongo yake, akanyang'anywa leseni, nami nimekaa nyuma nimejifunika leso. Watu husema tulianguka Njoro. Mimi nilianguka pale hospitalini, na bakuli mkononi.

Nikaacha kuja kanisani. Mlipopita kunijulia hali nilisema nina homa. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Kisha mke wa jirani akabisha. Amebeba mtoto mgongoni, yule mtoto wao anayependa kupanda mbele na baba yake. "Pole na mgonjwa, mama," akasema kwa upole. "Nimetumwa matairi. Zamu yetu ni Jumatatu."

Nikamtazama yule mtoto. Nikasema, "Hakuna."

"Yamekwenda wapi?"

"Yapo. Lakini ya kukupa hakuna."

Alipoondoka nikayatoa stoo, nikayaviringisha moja moja mpaka sokoni kwa fundi wa akala. Nikamwambia akate viatu. Akayapapasa, akaniuliza, "Mama, uko na akili kweli? Haya ni mazima!" Nikasema kata. Sikuondoka mpaka kisu kilipopita katika la mwisho.

Loo, mtaa uliwaka moto! Wenye matairi wakajaa mlangoni. Mmoja akapiga kelele, "Umeolewa na kilema, sasa unataka sote tuchechemee!" Mume wangu akiwa ndani, anasikia. Mali ilikuwa yao na kosa lilikuwa langu. Kiongozi wetu wa akina mama ndiye aliyekuja kusimama kando yangu mpaka wakatawanyika. Kesho yake akanishika mkono mpaka kwa inspekta. Nikasema yote: kwamba matairi yalitunzwa kwangu, kwamba mume wangu alikataa na mimi nikamlazimisha. Inspekta akanitazama sana, akauliza, "Na gari zingine?" Sikutaja jina la mtu. Akaziita gari zote za aina ile zirudi kupimwa.

Zote zilikataliwa. Na ya yule aliyemwita mume wangu kilema, chuma cha usukani kilikutwa kimekatika nusu. Jioni hiyo alikuja kwetu, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mgeni. Akamwambia mume wangu, "Mzee mwenzangu, nisamehe. Njoo uniangalizie gari kabla sijairudisha kule."

Hapo ndipo tulipoanza kuinuka. Leo watu wanaleta gari zao nyumbani kwetu kabla hawajakwenda kwa inspekta. Mume wangu anazizunguka na magongo, anagonga, analala chini, anamwambia mtu kweli hata ikiuma. Mdomo wake mkali mnaujua. Tunakula, watoto wanasoma.

Nawashukuru watu wa lori, ambao hata sura zao sizijui. Namshukuru mama aliyenishika mkono. Namshukuru fundi wa akala, ingawa mpaka leo ananiona kichaa. Na kwenu nasema hivi: anayekukagua, mpelekee kile unachokwenda nacho barabarani. Akikukatalia, rudi nyumbani ukamshukuru Mungu.

Lakini msitoke hapa mkidhani yote yamepona. Mume wangu alipenda kuendesha gari kuliko chakula. Siku hizi akimaliza kukagua gari ya mtu, hupanda kiti cha dereva aupime usukani. Anautikisa kushoto, anautikisa kulia, anasema uko sawa. Halafu hashuki. Anakaa tu, mikono juu ya usukani, anatazama barabara kupitia kioo. Mwenye gari hunigeukia, anataka kwenda zake. Namwambia angoje kidogo.