Namba Isiyocheza

Benchi letu linatazamana na geti la zahanati, na mimi ndiye ninayewauzia kahawa, kwa hiyo kila uongo unaosemwa hapa nimeusikia ungali wa moto. Leo saa tisa alasiri tulikuwa wanne tu. Kinyozi alikuwa amefunga duka tangu Jumamosi, mjukuu wake alipozaliwa kabla ya wakati na kulazwa humo zahanati kwenye chumba cha joto. Mlinzi mstaafu alikuwepo, hana pa kwenda. Aliyenitia wasiwasi ni Fundi wa kompyuta: kahawa yake ilikuwa imepoa na hajaigusa. Asubuhi ndiye aliyetengeneza kompyuta inayosoma joto la vichanga na kupiga king'ora mtoto akipoa.

KINYOZI: Fundi, mbona umenuna? Si ulisema imepona?

FUNDI: Nilisema. Ilikuwa inajivuta, king'ora kinachelewa. Nikaiamuru prosesa, ule ubongo wake, ikimbie kasi ya juu, isishuke. Kioo kikaandika elfu mbili mia nne. Nikasaini, nikatoka.

MLINZI: Sasa shida iko wapi?

FUNDI: Namba ya kasi haikucheza, mzee, haikupanda wala kushuka. Nusu saa nzima, haikucheza hata kidogo. Na boksi lilikuwa la moto, kiganja hakikai.

KINYOZI: Hebu nieleze mimi kinyozi nielewe.

FUNDI: Kuna programu ndogo inaitwa draiva. Ndiyo inayoiambia prosesa, kimbia kiasi hiki. Lakini prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe, haimuulizi mtu. Na draiva nyingine hazipimi kitu. Ukiziuliza kasi, zinakusomea amri zilizozitoa zenyewe, si kasi halisi.

MLINZI: Wee! Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi!

KINYOZI: Kazi gani tena?

MLINZI: Daftari la lindo. Kila saa uzunguke, uandike "hali shwari." Mimi saa mbili usiku nilishaandika mpaka ya alfajiri, najilaza. Miaka kumi na moja, hali shwari.

— Na wezi? nikauliza.

MLINZI: Walikuja mara mbili. Daftarini hawamo.

Nilicheka peke yangu, nikaona aibu.

KINYOZI: Basi hata friji la dawa ni hivyo hivyo. Hata mizani waliyompimia mjukuu wangu! Kilo moja na nusu, kasema nani?

MLINZI: Labda mashine hizi zimeshapatana, bwana. Zimeambiana, hawa binadamu tusiwatishe.

KINYOZI: Zinatuonea huruma?

MLINZI: Huruma wapi! Zinaogopa kufukuzwa kazi.

FUNDI: Acheni, jamani. Mashine haina akili ya kuogopa. Ninayeogopa ni mimi. Feni ya kuipoza sikuifungua nione kama inazunguka. Niliona namba nzuri, nikaridhika.

KINYOZI: Si urudi!

FUNDI: Nikaseme nini? Kwamba nilisaini nisichokipima? Hawaniiti tena pale maishani.

Kinyozi alikuwa anafungua mdomo, na sitaki kujua angesema nini, binti yake alipotoka getini na chupa ya chai mkononi. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu ajifungue.

— Shikamooni.

Tuliitikia kwa sauti ndogo, kama watu tulioshikwa na kitu.

— Baba, leo nimepata hata usingizi. Jana kile king'ora kililia mara saba, roho ilitaka kunitoka. Leo tangu Fundi aondoke hakijalia hata mara moja. Mtoto kapata joto, si ndiyo?

Fundi alimtazama Mlinzi. Mlinzi akatazama viatu vyake. Kinyozi akainuka, akamkamata Fundi ukosi wa shati, wakavuka barabara mbio bila hata kuangalia magari.

Binti akanigeukia mimi, muuza kahawa.

— Si ndiyo, kaka?