Perege wa Bomani

Chubwi! Kitu kiliruka majini kabla sijaona ni nani aliyepakata ndoo katika gari letu la maksai.

"Perege," alisema mzee Jabiri, mtumishi wa Mjerumani wa bomani. "Wale wa kwenye sanduku lake la kioo wanakufa. Akifa mwingine, nachapwa kiboko. Sijui maji anayotuletea Lemburis yana nini!"

"Lemburis ni mwanangu!" alifoka mama aliyekaa kando yake. "Vibuyu vyake vya maji navifukiza moshi mwenyewe, kama vya maziwa."

"Moshi? Mama, samaki hupigwa moshi wakishakufa!"

"Kibuyu kisichofukizwa ni aibu. Niaibike kwa ajili ya hao samaki wenu, nyoka wa majini?"

Mimi, malenga, nilikuwa na ubeti wa kuwapatanisha, lakini hakuna aliyeniomba. Maksai walisimama bomani.

Jabiri aliwainamia perege ndooni. "Nawaapia, wanangu, leo maji nachota mwenyewe."