Majani Niliyoyakata

Kui, sogeza hiyo simu karibu na mdomo wangu, na uache inase kila kitu. Na wewe Mbuthia, wacha kupanguza macho, mbona hukulia hivyo siku uliyoangusha lenzi yangu kwenye matope?

Nisikilizeni, wanangu. Ndiyo, wanangu. Mnacheka kwa sababu nina miaka ishirini na tisa, lakini tangu tuwazike baba na mama, ni nani amewapikia uji hapa Waithaka? Mzee wa boma hili ni mimi Kuria, hata kama figo zimegoma na ndevu zenyewe zinahesabika.

Niliacha shule darasa la saba. Walionipita mtihani hawajanipita safari: ni mimi niliyelala kwenye baridi ya milima ya Ethiopia nikingoja nyani wenye manyoya kama ya simba, ni mimi niliyeingia msitu wa Uganda na buti za kuazima nikatoka na gorila ndani ya kamera. Sikufundishwa na mtu, na Dagoretti nzima hakuna jicho kama langu. Hayo mtayasoma siku ya mazishi, maana nikiendelea kujisifu pumzi itaniisha kabla sijafika ninapoogopa kufika.

Ninaogopa kufika kwa Njuguna.

Mnaijua ile picha iliyoshinda shindano, inayoning'inia kwenye mapokezi ya ofisi ya waandaaji kule Hurlingham: ndege mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu, na vifaranga watatu wamepanua midomo. Mama yule alikuwa amekificha kiota chini ya majani, na kwa saa mbili sikuona kitu ila ncha ya mkia. Njuguna, ambaye tulianza naye kupiga picha kwa simu moja, alikuwa ametoka kukatia ng'ombe wao nyasi. Akaweka panga chini afunge mzigo. Nikalichukua. Akaniambia, "Wee Kuria, wachana na hayo majani, hiyo ni nyumba ya mtu." Nikamwambia nyumba isiyo na dirisha ni jela. Nikakata, mwanga ukaingia, nikapata picha ya maisha yangu.

Na jua la saa saba likaingia pia. Kesho yake tulikuta vifaranga wamekauka, mama yao anazunguka na mdudu mdomoni, hana wa kumlisha.

Chama chetu cha wapiga picha wa ndege kilipokwenda kukiona kichaka chenye kile kiota, Joash mwenyekiti akauliza nani alikuja na panga. Wote wakamgeukia Njuguna. Akasema, "Muulizeni Kuria." Wakaniuliza. Mimi, bingwa wa mdomo, nikasema nilikuta yameshakatwa. Wakamfukuza. Miaka minne sasa hajagusa kamera, na tukikutana njiani kule Kabiria yeye ndiye anayevuka barabara, kana kwamba mwenye aibu ni yeye.

Basi shikeni haya. Mbuthia, hema na jaketi ni zako. Kui, kamera ni yako, kwa kuwa wewe unajua kungoja. Ila kiota usikisogelee. Lenzi ndefu mpelekeeni Njuguna mkononi, na akiikataa rudini nayo kimya, msiiache mlangoni kama mfupa. Ile picha iteremsheni. Ndani ya mkebe wa majani chai kuna kadi ya kamera. Nilipiga picha moja huku nikikata, na mkono wangu umeingia pembeni, na panga, na hii jaketi. Mwonyesheni Joash.

Kui, usitikise kichwa. Najua unataka kungoja nikishazikwa. Maiti husamehewa bure, mama. Jeneza likishuka hata mwizi wa kuku huitwa mtu wa watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nataka kujiumbua mwenyewe. Haya niliyosema yatume kwa chama leo, yote, wanitukane nikiwa na masikio. Na Njuguna ayasikie... nikiwa bado nahema.

Mungu awape macho ya kuona, na mikono... mikono ya kungoja. Mpendane. Msiuze hii ploti ya baba na mama.

Hilo pazia, Mbuthia... jua linanipiga usoni. Vuta. Kidogo tena.

Hapo.

Sasa tuma.