Jaribio Moja Limegoma

Benchi la soga liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa moja, kati ya cherehani ya Sindano na jiko la kahawa la Shangazi, na asiyepita hapo mchana hukosa habari za dunia nzima, pamoja na zile ambazo dunia yenyewe haijazisikia. Sindano ni fundi nguo. Jina alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Jaji alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na hajawahi kuhukumu hata kuku. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Taa, kijana wa kompyuta kutoka ofisi ya juu, aliyebatizwa hivyo kwa sababu kutwa anakodolea macho kidoa cha rangi kwenye kompyuta yake: kikiwa kijani anacheka, kikiwa chekundu hali chakula. Kilikuwa chekundu tangu asubuhi. Bosi alikuwa akingoja wageni, na alikuwa akipita nyuma ya kiti cha Taa bila kusema neno, jambo lililomtisha kijana kuliko matusi, ndipo akakimbilia benchini na kompyuta yake. Alikuwa ameshaambiwa waziwazi: wageni wakifika kabla programu mpya haijaingia kwenye simu za wapeleka dawa, kazi hana. Basi alikaa, akasimama, akahamia upande wa pili wa benchi, akarudi.

— Hebu tulia, — alisema Shangazi, akimmiminia kikombe. — Unanitikisia benchi, kahawa inamwagika.

— Siwezi, Shangazi. Mtambo umenigomea tena.

— Mtambo uko wapi? Mbona mimi naona kompyuta tu?

— Uko huko kwenye mtandao. Nikimaliza kuandika programu, naituma. Mtambo unaipokea wenyewe, unaijenga, unaipitisha kwenye majaribio. Ikifaulu yote, unaisambaza kwenye simu za vijana wetu wa pikipiki. Hakuna mkono wa mtu.

— Na isipofaulu?

— Jaribio moja tu likigoma, kila kitu kinasimama. Ndipo hapa tulipo.

Sindano aliacha kushona.

— Hakuna mkono wa mtu? Usinichekeshe. Kuna jamaa amekaa nchi za mbali huko, analipwa kubonyeza. Sasa hivi kwao usiku, amelala fofofo. Wewe mngoje aamke.

— Kaka, ni mashine.

— Hata hii yangu ni mashine, na bila mguu wangu haishoni hata kiraka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Si nimetaja mguu?

Jaji alikohoa, kama afanyavyo akitaka watu wanyamaze.

— Mimi naona rushwa. Wapinzani wenu wa biashara wameuhonga huo mtambo.

— Mtambo unahongwa nini, Jaji?

— Umeme. Wanaupa umeme mtamu kuliko wenu. Penye nia pana njia.

— Ngojeni niwaambie kitu, — Sindano akadakia, sasa amesimama. — Mtambo unataka kiti chake! Umeshajua kwamba huyu akifukuzwa, utakaa wenyewe pale juu na mshahara utakula wenyewe.

— Mashine ina mfuko wapi wa kutia mshahara?

— Ndiyo maana nasema itakuja kwangu niishonee!

Walicheka mpaka Shangazi akajifuta macho kwa kanga. Taa hakucheka. Alibonyeza kitufe cha kujaribu upya kwa mara nyingine, ingawa alijua vizuri kwamba programu ileile itapata jibu lilelile.

— Mwanangu, hebu niambie, — alisema Shangazi. — Hilo jaribio linapima nini?

— Makabidhiano. Mgonjwa akipokea dawa, anampa mpelekaji namba ya siri. Simu inaandika "imepokelewa", na anwani ya mgonjwa inafutika palepale, ili siri za watu zisizagae. Jaribio linahakikisha simu haiandiki hivyo kabla ya namba.

— Na sasa inaandika kabla?

— Jaribio ndilo linalosema hivyo. Kwenye simu yangu iko sawa kabisa. Jaribio lenyewe limezeeka, Shangazi, aliyeliandika alishaacha kazi.

Aliyasema kwa sauti kubwa ili ayasikie mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akiyaamini nusu.

Gari jeusi likasimama mbele ya cherehani. Wakashuka watu waliovaa tai, wakapanda ngazi juu ya vichwa vya wanabenchi. Punde kichwa cha bosi kikachungulia ukingoni.

— Kijana! Tayari?

— Sasa hivi, mzee!

Kichwa kikatoweka.

— Hilo jaribio haliwezi kurukwa? — aliuliza Jaji.

— Linarukwa. Kuna faili la maelekezo ya mtambo. Naandika neno moja, mtambo unalipita kama haulioni. Lakini...

— Lakini nini? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Linalia? Linyamazishe! Hukumu imetoka.

— Jaji, methali hiyo haisemi hivyo, — alisema Shangazi.

— Methali ni mali ya umma, Shangazi.

Taa aliandika lile neno, akatuma. Benchi zima likainama juu ya kioo. Mtambo ukajenga. Ukajaribu, jaribio baada ya jaribio, na ulipofika kwenye lile la makabidhiano ukaliruka. Ukasambaza. Kidoa kikawa kijani.

Sindano alipiga kigelegele cha kiume kisichofaa popote. Juu, wageni walisikika wakicheka na bosi, na simu ya Taa ikatoa mlio: "Safi sana. Kazi unayo." Alifurahi, kwa kweli alifurahi, lakini alipotaka kukaa mwili ulikataa. Shangazi akamimina kahawa ya pongezi, ikanywewa duru ya kwanza hata ya pili.

Ndipo pikipiki ilipoegeshwa. Kijana mmoja akavua kofia ngumu, akaja na kisanduku kifuani.

— Shikamooni, wakubwa. Nimeambiwa wenye programu ya kupeleka dawa wako jengo hili.

— Umefika! — Jaji akampiga Taa begani. — Mwenyewe huyu hapa!

— Afadhali, kaka. — Alifungua kisanduku: chupa ndogo ya dawa juu ya mfuko wa barafu. — Hii ya mgonjwa wa sukari, haitaki joto. Nilikuwa njiani naipeleka. Programu ikajifunga, ikafunguka upya, ikaandika imepokelewa. Anwani hakuna, jina hakuna. Nimepiga simu dukani, wananiambia na kwao imefutika, wanaona imefika. Wenzangu nao hivyohivyo, wako barabarani wamesimama. Sasa hii nimpelekee nani?

Sindano alimtazama Jaji. Jaji akatazama ndani ya kikombe chake.

Taa alipiga magoti sakafuni na kompyuta mapajani. Alilifuta lile neno. Akarudisha programu ya jana, mtambo ukaipokea, ukajaribu yote bila kuruka, ukasambaza. Aliiomba simu ya yule kijana, akaifungua. Programu ilikuwa imerudi, lakini pale penye anwani palikuwa peupe bado. Juu watu walikuwa wakipiga makofi.

— Kaka, — alisema yule wa pikipiki, — barafu inayeyuka.