Mzee Kipimo na Fulana Namba Tano

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutoka karibu na mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Familia imenipa mimi, mdogo wake wa pekee, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kipimo, kwa sababu hata sukari ya chai aliisawazisha kwa kisu juu ya kijiko kabla hajaimimina.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba yetu dereva wa lori na mama yetu mshonaji wa sare za shule. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1977 katika fani ya ushonaji na vitambaa, fani ambayo vijana wenzake waliicheka wakisema ni ya kina mama, naye akawajibu kwamba hata wao hawakuja chuoni uchi.

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo za jeshi kama fundi mshonaji, akapanda hadi kuwa mkaguzi mkuu wa ubora mwaka 1995, na mimi akaniingiza hapo hapo mwaka 1983, akanifundisha kukata, akanikaripia, hadi nikawa msimamizi wa meza ya fulana za kuzuia risasi. Tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, tuliyenaye hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja, waliozaliwa mwaka 1986, 1989 na 1993. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika kuhusu chakula, alisema tu kwamba leo chumvi imechelewa kufika, na shemeji alikuwa bado anacheka hadi mwaka jana.

Mwaka 2003 aliteuliwa mjumbe wa kamati ya viwango ya nchi saba za ukanda wetu, na naomba nieleze kidogo, maana hata sisi wa nyumbani tulidhani anakwenda kunywa chai hotelini. Kila nchi ilikuwa na kiwanda chake kidogo kinachoshona kila kitu, fulana, mahema, mabegi, machela, kila kimoja kwa vipimo vyake, kidogo kidogo na kwa kuchelewa, kiasi kwamba majeshi yote saba yaliishia kuagiza ng'ambo huku mafundi wao wamekaa bure. Kamati ilitaka sera moja, vipimo viwe vya aina moja, vifaa vishindanishwe pamoja, na kila kiwanda kipewe kazi kinayoimudu kuliko vingine, kiwashonee wote saba. Ilichukua miaka, kwani katika kikao kimoja kanali mmoja alishikilia kwa siku mbili kwamba askari wa kwao wana vifua vipana kuliko vya majirani, hadi marehemu akatoa futi ya kupimia nguo mfukoni, akawapima wajumbe wote kumi na wanne, na kanali akatoka wa kumi na mbili.

Tarehe 9 Juni 2008 ilikuwa zamu ya fulana. Nembo za nchi zilikatwa kwa mkasi, kila fulana ikapewa namba, zikalowekwa majini siku nzima, zikavutwa, zikapigwa risasi, na viwanda vitatu vya kwanza ndivyo vingepewa kazi. Fulana namba tano iliachia mshono wa bega baada ya kulowa, na marehemu, aliyekuwa akitoa alama za mishono, akaandika alichokiona, ikashika nafasi ya nne kwa upungufu wa alama moja. Namba tano ilikuwa yetu, na tarehe 30 Septemba meza yangu ilifungwa, watu thelathini na wanane tukarudi nyumbani.

Nilimfuata ofisini kwake, chumba chenye dirisha moja linalotazama stoo ya vitambaa, nikamuuliza kama alijua ile fulana ni ya nani.

"Nilijua kabla sijaishika," akasema. "Mwisho wa mshono ni wewe peke yako unayerudi nyuma mara nne. Mama alitufundisha mara tatu."

Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikatoka, na sikumpa salamu kwa mwaka mmoja na miezi minne. Watu husema mcheza kwao hutunzwa, basi mimi nilicheza kwetu nikatunzwa nafasi ya nne, na maneno hayo niliyarudia kwenye kila harusi na kila kikao cha familia, watu wakacheka, naye akiwa amekaa pale pale, akinywa chai yake bila kujitetea.

Tarehe 1 Februari 2010 kiwanda chetu kilipewa kazi ya machela na mahema ya hospitali kwa nchi zote saba, kazi aliyoipigania yeye, tukarudi wote thelathini na wanane, na wengine sitini juu yetu. Tukaanza kusalimiana tena, lakini jambo lile hatukuligusa. Alistaafu tarehe 14 Machi 2017.

Mwezi Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na figo, na tangu Januari mwaka huu alilazwa wodini, kitanda cha pili kutoka mlangoni, nami nilimtembelea kila Jumanne. Jumanne moja nilimwambia kuna jambo nataka kumweleza, akaniomba kwanza nimsogezee mto, nikausogeza, akapitiwa na usingizi, nikajiambia Jumanne ijayo. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani mliofungua nyumba zenu kwa wageni wetu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa kamati, pamoja na fundi wa nchi jirani ambaye fulana yake ilishika nafasi ya kwanza siku ile, aliyesafiri siku mbili kwa basi na asubuhi hii akatusaidia kubeba jeneza.

Shukrani ya mwisho haimo kwenye karatasi niliyopewa. Machi 2010 nilikuta kabatini fulana moja ya meza yangu, nikaipeleka nyumbani, nikailoweka kwenye beseni siku nzima, nikalivuta bega kwa mikono yangu miwili tu, na mshono ukaachia. Uzi ule niliuchagua mimi, mwembamba, kwa sababu ulipita haraka kwenye cherehani. Niliitupa ile fulana, nikanyamaza, nikaendelea kuwachekesha watu kwa mgongo wa kaka yangu kwa miaka kumi na minne. Kaka, alama ulizotoa zilikuwa za haki, nami nilijua. Nisamehe, na ahsante kwa kutonipendelea. Pumzika kwa amani.