Sauti ya Pili

Mimi ni mdogo wake marehemu, namfuata mgongoni. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mimi ndiye niliyeshika taa, na hiyo taa mtaisikia inakuja. Naomba mnivumilie. Wakati naandika haya, mambo mengine nilikuwa siyaelewi, na mengine mpaka leo siyaelewi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Hivyo ndivyo kinavyosema kitambulisho. Mama yetu alikuwa akisema ni tarehe 15, na akiulizwa anajibu kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Marehemu alikubali tarehe zote mbili, na kila mwaka alidai keki siku zote mbili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari miaka minne. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba ili amwone mtangazaji. Alipoifunga zilibaki skrubu tatu mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Baba hakujua ampige au amsifu, akachukua taulo akaenda kuoga. Mwaka 1976 marehemu alipata cheti cha ufundi wa umeme.

Mwaka uliofuata alifungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, akitengeneza redio, baadaye televisheni. Tangu 1988 alikodisha na kanda za video. Kila kanda aliitazama yeye kwanza, eti anakagua ubora. Wateja walisubiri televisheni zao miezi, naye yuko ndani anakagua ubora.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na wifi yangu, huyu aliyekaa hapa mbele. Walikutana wifi alipopeleka redio kutengenezwa. Marehemu aliigeuza geuza, akakunja uso, akasema ina tatizo kubwa, apite kila siku kuulizia. Wifi alipita wiki mbili nzima. Siku ya harusi ndipo alipoambiwa kwamba redio ilikuwa imeishiwa betri tu.

Sasa nafika kwenye taa. Mwezi Agosti 2009 marehemu alitengeneza filamu yake mwenyewe, humo humo sebuleni, kwa kamera ya kuazima. Waigizaji walikuwa wawili, yeye na mkewe, na mimi nilishika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Hadithi ni ya mume na mke. Redio inatangaza kwamba dunia itaisha saa kumi jioni. Hakuna moto wala majengo yanayoanguka. Wanakunywa chai, wanabishana nani ameacha dirisha wazi. Saa tisa na nusu mume anainuka, anavaa koti, anafungua mlango, anatoka. Mke anabaki anautazama mlango. Basi, imekwisha.

Wifi hakuwa ameambiwa kwamba mume atatoka. Kamera ilipozimwa tu alimuuliza, "Wewe mwanamume, ulikuwa unakwenda wapi?"

Marehemu akacheka. "Si filamu tu?"

"Najua ni filamu. Dunia inaisha, umevaa koti, umeniacha peke yangu. Unakwenda wapi?"

Akaanza kukunja waya za kamera. Filamu ilipoonyeshwa ukumbini watu walimsifu sana wifi kwa ule uso wa mwisho, lakini mtaani walimtania: "Shoga, siku ya kiama mwenzio atakukimbia!" Alicheka nao. Akirudi ndani hacheki. Aliwahi kuniambia jikoni, "Wifi, mtu huandika kilichomo moyoni mwake." Miaka kumi alimuuliza mumewe swali lile lile, na miaka kumi mume alilikwepa. Filamu yenyewe wifi alikataa kuitazama.

Mwanzoni mwa mwaka huu kampuni moja ndogo ilikubali kuitoa kwenye diski, watu waitazamie majumbani. Marehemu alijifungia karakanani wiki kadhaa, amevaa vipokea sauti masikioni, anaongea peke yake. Tulidhani ni homa. Diski ilitoka Jumatatu tarehe 3 Juni 2019. Kwenye jalada waliweka picha yake amelala kwenye kochi, shuka jeupe mpaka kidevuni. Siku hiyo tulipokea pole nyingi, naye akazipokea mwenyewe kwa simu, moja moja, akicheka mpaka anakohoa.

Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu 2016. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima. Alilazwa Alhamisi tarehe 6 Juni. Jumapili alinishika mkono, akaisogeza ile barakoa ya hewa, akasema, "Mwambie wifi yako asikilize sauti ya pili."

Nikamuuliza, "Sauti ya pili ya nani, kaka?"

Akasema, "Mwishoni," akasinzia.

Jamani, mimi nikachanganyikiwa. Muuguzi aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa anasikia sauti. Mwalimu wa kwaya, nilipomweleza, alielewa papo hapo kuliko sisi sote: wifi huimba sauti ya kwanza, kwa hiyo mume anataka ahamie ya pili. Jumatatu, kwenye mazoezi, wakamhamisha wifi. Wimbo ulipinda, mliousikia dirishani mnajua.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi. Wifi alikuwa ametoka dakika tano kufuata chai. Aliporudi na kikombe, mwenzake alikuwa ameshaondoka. Hakulia. Alisema, "Ameondoka tena bila kuniaga." Binti yao alipotangaza msiba alitumia ile picha ya jalada, kwa kuwa ndiyo nzuri. Watu kumi na mmoja wakajibu "hongera", na mmoja akaomba awekewe nakala mbili. Kama na wewe uko hapa, tumeshakusamehe.

Jana baada ya chakula cha mchana wifi alisema, "Iwekeni hiyo diski. Nataka kumwona akitembea." Tukaiweka. Ilipokaribia mwisho niliketi, kumbe nimekalia rimoti. Maneno ya filamu yakafifia, na juu ya picha ikaja sauti ya kaka, ya mwaka huu, yenye kikohozi. Diski ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya filamu. Ya pili ni ya kaka, anaielezea. Nimenakili alichosema:

"Hapa natoka. Watu wananiuliza nakwenda wapi. Siendi popote. Nipo nyuma ya mlango, nimeshika kitasa. Kwenye karatasi nilitakiwa nimuage. Maneno niliandika mwenyewe, nikayakariri. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Hata kwa kuigiza nimeshindwa. Kwa hiyo nimesimama hapa, namsikiliza. Mkisikia kitu kinagonga mbao, ni goti langu."

Tukarudisha nyuma, tukaiweka ile sauti ya kwanza, tukaiongeza. Kweli, kinagonga. Nilikuwa mle ndani na taa mkononi, na sikukisikia.

 Wifi akapiga paja. "Miaka kumi! Si angesema tu?" Akacheka, na katikati ya kicheko akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Baadaye alimpigia mwalimu wa kwaya amrudishe sauti ya kwanza. Kwa nini kaka hakumwambia ana kwa ana, hilo ndilo sielewi. Labda maneno yaligoma na hapo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja ambaye ni mwalimu wa hesabu, mkwe, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Ameacha pia televisheni kumi na saba karakanani. Wenyewe mnajijua, njooni mzichukue.

Mistari ya mwisho ni ya wifi. Ameniambia nisome kama ilivyo:

Hakwenda popote. Yupo nyuma ya mlango. Apumzike kwa amani, na goti lake litulie.